Kansa Haikui Juu ya Kioo



Mkulima wa Vudee ajua kwamba maji ya ndiva hayafiki mashambani kwa usawa. Shamba lililo karibu na mfereji hulowa mapema. Lililo mbali hungoja, na mahindi yake hujikunja majani na kudumaa. Mtu atakayetaka kuyajua mahindi hayo kwa kupanda mbegu moja katika kopo dirishani, akilimwagilia kila asubuhi, atapata mmea mzuri na habari ya uongo.

Utafiti wa kansa ulitegemea kopo la namna hiyo kwa miaka mingi. Seli za uvimbe zilitandazwa tabaka moja juu ya kioo au plastiki, kila seli ikapata chakula, hewa na dawa sawasawa. Ndani ya mwili hali si hiyo. Uvimbe una kimo na kina. Seli za nje hushiba, za katikati hukosa oksijeni, na nyingine hulala zisigawanyike, hali dawa nyingi za kansa huua hasa seli zinazogawanyika. Hiyo ni sababu mojawapo ya dawa kushinda juu ya kioo na kushindwa wodini.

Kwamba namna ya kukuza huamua kinachoonekana, Afrika Mashariki ilikwisha kuonyesha zamani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Uganda, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto. Huko London, Anthony Epstein alitafuta kirusi ndani ya uvimbe huo kwa muda mrefu asikione. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyochukua kipande cha uvimbe kutoka Uganda ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengi wangeyamwaga. Kumbe uchafu ule ulikuwa seli hai zilizobanduka na kuelea! Zikakuzwa vivyo hivyo, zikielea, pasipo kulazimishwa kushika kioo. Na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi kwa darubini ya elektroni.

Siku hizi seli hukuzwa ndani ya ute mzito, zikapata urefu, upana na kimo, zikashikana na jirani zake. Mwaka 1997 kundi la Mina Bissell, Marekani, lilikuza hivyo seli za kansa ya titi. Walipoziba kishikizio cha aina moja tu juu ya ngozi ya seli, zile zilizokuwa fujo zikajipanga duara kama seli nzima, ingawa kasoro za urithi zilibaki zile zile. Sasa hata uvimbe wa mgonjwa mmoja waweza kukuzwa na kujaribiwa dawa. Yafaa isemwe pia kwamba ute huo aghalabu hutokana na uvimbe wa panya, ni ghali, hutaka baridi isiyokatika, na hauna mishipa ya damu wala askari wa mwili.

Jambo hili lahusu Same moja kwa moja. Kansa ya umio imeenea katika ukanda wa mashariki ya Afrika, na Mkoa wa Kilimanjaro umo. Chai inayonywewa ikiwa na joto linalopita nyuzi 65 ilitajwa mwaka 2016 na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa kuwa yaelekea kuleta ugonjwa huo. Lakini chai peke yake haielezi yote. Umio wa mgonjwa wa Upareni hautajulikana vema kwa kuchungulia seli za mgonjwa wa Japani. Haifai tena kila kinofu kipande ndege kama mwaka 1963. Vingine vikuzwe Moshi na Dar es Salaam, mikononi mwa vijana waliofundishwa hapa nchini.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu na mtumishi wa kata ilipo. Mgonjwa anayeombwa kinofu na kutia sahihi huogopa kwamba nyama yake yauzwa. Asichekwe. Aelezwe kwamba ana haki ya kuuliza kinofu kinakwenda wapi, kitatunzwa na nani na kwa kazi gani, na kwamba akikataa, matibabu yake hayapungui hata kidogo.