Mwuzaji wa Intaneti: Kumpata na Kumlipa

Somo la saba katika masomo ya biashara ndogo, kama lilivyosomwa redioni

Kwa wale mlio katika vikundi vya kusikiliza, namwomba kiongozi wa kikundi ahakikishe kwamba kila mtu ana karatasi na kalamu, maana leo tutapiga hesabu.

Juma lililopita tulizungumza juu ya daftari la mapato na matumizi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tutaliangalia jambo moja ambalo limewapotezea wengi mali hata wakiwa na daftari, nalo ni kumwajiri mtu wa kutuuzia bidhaa bila kujua tumlipe kwa kitu gani. Tutachukua mfano wa biashara ambayo imeenea sana katika miji yetu, yaani biashara ya kuwaunganishia watu intaneti majumbani na madukani.

Biashara yenyewe

Zamani intaneti yetu ilipita kwa satelaiti, nayo ilikuwa ghali mno. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Tangu hapo kampuni ndogo yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, yaweza kununua intaneti kwa jumla na kuiuza kwa rejareja, kama vile mwenye duka anavyonunua gunia la sukari na kuuza kwa kilo.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mwenye duka akiuza kilo ya sukari, amekwisha kupata faida yake siku ile ile. Mwenye kuuza intaneti siku ile ya kwanza hupata hasara. Fundi apande juu ya paa, afunge antena, avute waya, aweke ruta, na nauli yake ilipwe. Faida huja pole pole, mwezi baada ya mwezi, maadamu mteja anaendelea kulipa. Shikeni neno hili, kwa sababu somo lote la leo limesimama juu yake.

Hesabu ya mteja mmoja

Tufanye kwamba kampuni yetu iko Morogoro. Ina mnara mmoja, mafundi wawili na wateja 80. Mpaka sasa mwenye kampuni ameuza mwenyewe, na sasa anataka mtu wa kumsaidia. Kabla ya kumtafuta mtu huyo, yampasa kujua mteja mmoja ana thamani gani. Andikeni:

Mteja hulipa kila mwezi Sh. 50,000.
Gharama ya intaneti ya jumla, umeme na kodi ya mnara kwa mteja huyo ni Sh. 30,000.
Kinachobaki kila mwezi ni Sh. 20,000.

Sasa tutazame gharama ya kumwunganisha. Waya, vifungio, nauli na kazi ya fundi ni Sh. 100,000. Mteja hutoa Sh. 40,000. Kwa hiyo kampuni hujitwika Sh. 60,000. Tukigawanya 60,000 kwa 20,000 twapata tatu. Maana yake, miezi mitatu ya kwanza kampuni inajilipa fedha yake yenyewe. Faida huanza mwezi wa nne.

Sasa ongezeni kamisheni ya mwuzaji, tuseme Sh. 30,000 kwa kila mteja. Kampuni sasa imejitwika Sh. 90,000, na itazirudisha katikati ya mwezi wa tano. Je, mteja akiondoka baada ya miezi miwili? Kampuni imepata Sh. 40,000 na imetoa Sh. 90,000. Hasara ni Sh. 50,000. Antena na ruta zitarudi ghalani, lakini fedha ile hairudi.

Kwa hiyo mteja anayeondoka mapema si mteja mdogo tu. Ni afadhali asingalikuja kabisa.

Wauzaji wawili

Sasa tuwatazame wauzaji wawili wa mfano, ambao wameambiwa kwamba kila fomu iliyojazwa ina Sh. 30,000.

Mwuzaji wa kwanza ni hodari wa maneno. Kwa mwezi mmoja ameleta fomu 30. Fundi alipokwenda, alikuta nyumba 10 zimejificha nyuma ya kilima au miti mikubwa, nazo haziuoni mnara. Waliounganishwa ni 20. Katika hao, 10 waliahidiwa kasi isiyokuwepo, wakakasirika, wakaacha kulipa kabla ya mwezi wa tatu. Waliobaki ni 10.

Mwuzaji wa pili ni mpole. Kila nyumba alisimama uani akatazama kwanza kama mnara unaonekana. Ameleta fomu 16. Waliounganishwa ni 15, na waliobaki ni 14.

Kwa malipo ya fomu, wa kwanza hupata Sh. 900,000 na wa pili hupata Sh. 480,000. Aliyeleta wateja 10 wa kudumu amelipwa karibu mara mbili ya yule aliyeleta 14. Na mafundi wamepoteza safari kumi bure.

Msiharakishe kumlaumu yule wa kwanza. Yeye amefanya kile alicholipwa kukifanya. Alilipwa kwa fomu, akaleta fomu. Kosa liko katika ahadi ya malipo, si katika tabia ya mtu peke yake. Na yule wa pili atatazama bahasha ya mwenziwe, halafu mwezi ujao naye ataanza kuzipita nyumba bila kutazama mnara.

Namna ya kulipa

Basi tuigawe ile kamisheni ya Sh. 30,000 katika mafungu matatu.

La kwanza, Sh. 10,000, hulipwa mteja akiisha kuunganishwa na kulipa mwezi wake wa kwanza.
La pili, Sh. 10,000, hulipwa mteja akilipa mwezi wa tatu.
La tatu, Sh. 10,000, hulipwa mteja akilipa mwezi wa sita.

Rudini kwa wale wauzaji wawili, na tuseme waliobaki wote wamefika mwezi wa sita. Wa kwanza atapata 10,000 mara 20, yaani Sh. 200,000, na 20,000 mara 10, yaani Sh. 200,000 nyingine. Jumla Sh. 400,000. Wa pili atapata 10,000 mara 15, yaani Sh. 150,000, na 20,000 mara 14, yaani Sh. 280,000. Jumla Sh. 430,000. Sasa mwenye kazi njema amemshinda mwenye maneno mengi, wala hatukuhitaji kumgombeza mtu.

Lakini mtauliza, huyu mwuzaji atakula nini katika miezi hiyo sita? Swali hilo ni la haki. Mtu mwenye njaa hawezi kungoja, na mwuzaji mwenye njaa huahidi chochote ili apate chakula cha leo. Kwa sababu hiyo mwuzaji wa kudumu hupewa mshahara wa msingi, usiopungua kima cha chini kilichotangazwa na serikali kwa kazi ya namna hiyo. Ofisi ya kazi ya wilaya au mkoa wenu itawaeleza kiasi chake.

Mshahara huo nao lazima uingie katika hesabu. Tuseme ni Sh. 600,000, na mwajiri anachangia asilimia 10 katika mfuko wa NSSF, yaani Sh. 60,000. Jumla Sh. 660,000. Mwuzaji akileta wateja 22 kwa mwezi, karibu mmoja kila siku ya kazi, kila mteja hubeba Sh. 30,000 za mshahara. Ongezeni Sh. 60,000 za kuunganisha na Sh. 30,000 za kamisheni, mtapata Sh. 120,000, na fedha hiyo hurudi kwa miezi sita. Akileta 11 tu, kila mteja hubeba Sh. 60,000 za mshahara. Jumla huwa Sh. 150,000, na fedha hurudi baada ya miezi saba na nusu. Kama huna akiba ya kungoja muda huo, bado hujawa tayari kuajiri.

Wapi pa kuwapata

Kampuni ambayo haijawa tayari kuajiri haikosi watu wa kuisaidia. Wako wa namna tatu.

Kwanza ni wateja wako wenyewe. Mtu aliyeridhika humwambia jirani. Mpunguzie malipo ya mwezi mmoja kwa kila jirani aliyemleta, mara jirani huyo atakapolipa mwezi wa tatu.

Pili ni mafundi wa umeme na wale wanaofunga madishi ya televisheni. Hawa tayari wanaingia majumbani, na wanajua paa lipi linafaa.

Tatu ni wenye maduka na mawakala wa pesa kwa simu. Huonana na watu wengi kila siku, na watu huwaamini kwa fedha zao. Hawa wa pili na wa tatu wana kazi zao nyingine, kwa hiyo waweza kuwalipa kamisheni peke yake, na fungu la kwanza likawa kubwa kidogo.

Ukifika wakati wa kuajiri, usitazame vyeti na tai peke yake. Mpe mwombaji juma moja la majaribio, na ulilipie. Mwambie akueleze, kana kwamba wewe ni mama mwenye mgahawa, intaneti itamfaa nini. Kisha mwulize, "Je, kama nyumba haiuoni mnara, utamwambiaje mteja?" Akijibu kwamba atachukua fedha kwanza na mengine yatajulikana baadaye, mshukuru na umwage.

Mkataba na sheria

Wako wenye biashara wanaosema, "Mimi nitamwita wakala, basi sitakuwa na wajibu wowote kwake." Jina halitoshi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 hutazama hali yenyewe ya kazi. Kama wewe ndiwe unayempangia saa zake, unampa vyombo vya kazi, na anategemea fedha yako kwa maisha yake, sheria yaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wako.

Kadhalika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mwajiriwa apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza. Sheria hiyo pia hairuhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu apendavyo, isipokuwa kwa amri ya sheria au kwa makubaliano ya maandishi. Kwa hiyo usiahidi Sh. 30,000 leo, kisha mwezi wa tatu ukaanza kukata. Yaandike yale mafungu matatu tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Andikeni na mambo haya manne.

Kwanza, fedha ya mteja iende moja kwa moja katika namba ya malipo ya kampuni, isipite mfukoni mwa mwuzaji.

Pili, mteja akiondoka kwa sababu mnara ulilala siku nyingi, au fundi hakufika, mwuzaji alipwe mafungu yake. Kosa la kampuni lisiwe adhabu ya mwuzaji. Msipoliandika hili, wauzaji wenu bora ndio watakaoondoka kwanza.

Tatu, mwuzaji akiacha kazi, mafungu ya wateja aliowaleta yaendelee kulipwa kadiri wateja hao wanavyolipa.

Nne, majina na namba za simu za wateja ni amana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ya wateja si kitu cha kuuziana mitaani.

Kila mwisho wa mwezi mwenye kampuni na mwuzaji wakae pamoja na daftari. Wasome jina moja moja: huyu amelipa, huyu hakulipa, na kwa nini. Mazungumzo hayo ya nusu saa yatawafundisha kuliko semina ya siku mbili, maana hapo ndipo mtakapojua kama tatizo ni mwuzaji, ni fundi, au ni bei.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kumbukeni neno moja: mtu huleta kile anacholipiwa. Ukilipia fomu utapata fomu. Ukilipia mteja anayekaa, utapata mteja anayekaa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kama gharama ya kumwunganisha mteja ikipanda kutoka Sh. 100,000 hadi Sh. 120,000, na mteja akiendelea kutoa Sh. 40,000, kampuni itajilipa baada ya miezi mingapi kabla ya kamisheni?

2. Mwuzaji ameleta wateja 12. Wote waliunganishwa na kulipa mwezi wa kwanza. Kumi walifika mwezi wa tatu, na 9 wakafika mwezi wa sita. Atapata kamisheni kiasi gani kwa jumla?

3. Katika mtaa wenu, ni nani ambaye watu wanamwamini na tayari huingia majumbani? Je, yafaa awe wakala? Toeni sababu zenu.

4. Je, kanuni hii ya kulipa kwa mafungu yaweza kutumika katika biashara nyingine ambayo mteja hulipa kila mwezi? Tajeni mbili.

Majibu ya hesabu tutayasoma juma lijalo, na somo litakuwa juu ya mteja anayechelewa kulipa. Kwaherini.