Programu za Picha na Kurasa: Komite Ichague Nini?

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa komite za wakimbizi wa ndani na familia zilizowapokea)



Niliombwa niwaeleze ni programu gani za kompyuta zinazofaa kutengeneza picha, mabango na kurasa za intaneti za komite zenu. Majina nitayataja. Lakini kwanza tujiulize: ukurasa huu utasomwa na nani? Yuko mfadhili wa Ulaya, na yuko ndugu yenu aliyebaki Masisi au Rutshuru, mwenye simu ya kioo kilichopasuka, anayenunua mega kwa franka za kuhesabu. Mfadhili hana shida, hata ukurasa mzito utamfungukia. Basi tuchague kwa ajili ya yule wa Masisi.

Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye nukta 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Ni nukta milioni 12, na picha moja yaweza kufika mega 4. Ukiweka kumi, umemwomba ndugu yako alipe mega 40 ili aone mkutano wenu. Ukiipunguza mpaka nukta 800 kwa 600, zinabaki 480,000 tu, yaani sehemu moja ya 25, na kwenye kioo kidogo hataona tofauti. Kwa hiyo programu yoyote mtakayoichagua, kazi yake ya kwanza ni kupunguza picha. Picha za watu na mashamba zihifadhiwe kwa JPEG. Alama ya komite na michoro yenye rangi chache zihifadhiwe kwa PNG, kwa maana JPEG huchafua kingo za herufi.

Sasa majina. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na ni chombo kizuri, sikatai. Lakini tangu 2013 matoleo yake mapya yanakodishwa, na malipo ni kwa dola. Najua vijana watasema kuna nakala za bure sokoni. Nakala iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi ndani yake. Komite moja ninayoifahamu ilipoteza orodha nzima ya kaya zake kwa njia hiyo, na orodha ile ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa kwa ugawaji wa chakula. Hasara ya namna hiyo inazaa maneno: huyu alifutwa kwa sababu ya kabila lake, yule alihongwa. Ugomvi unaanzia hapo.

Mimi nawashauri GIMP. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ikatolewa kwa watu wote mwaka 1996. Ni ya bure kwa halali, haidai intaneti ukiisha kuiweka, na inakubali kompyuta za zamani zilizo nyingi maofisini kwetu. Kwa kuchora alama na mabango kuna Inkscape, ya tangu 2003, nayo ya bure. Mchoro wake unaweza kukuzwa toka kadi ndogo mpaka bango la ukutani bila kuharibika. Kwa gazeti la kuchapa kuna Scribus. Canva ni nyepesi kujifunza, tena kwa simu, na vijana wanaipenda. Ila kuifanyia kazi kunataka mtandao, na kazi yenu inakaa kwenye mashini za mbali chini ya akaunti, mara nyingi ya kijana mmoja. Siku kijana akihama, komite inabaki mikono mitupu. Kazi ya watu wanaoweza kuhama tena usiku lazima iingie kwenye kifaa cha USB ambacho mama anaweza kukifunga kwenye pembe ya kitenge.

Kwa ukurasa wenyewe, tumieni HTML ya kawaida. Kurasa zilizojengwa kwa Flash zilikuwa na mapambo mengi, lakini Adobe iliacha kuitegemeza tarehe 31 Desemba 2020 na nyingi hazifunguki tena. Maneno yaandikwe kama maneno, msiyafanye kuwa picha. Yanakuwa mepesi, na mtu anaweza kuyanakili na kumsomea bibi yake kwa Kinande, Kihunde au Kinyarwanda.

Jambo linalonisumbua zaidi, ndugu zangu, ni usalama. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa, kwa namba za ramani. Huzioni kwa macho, lakini mwenye nia mbaya anajua kuzisoma. Mama aliyetoa ushuhuda kuhusu shamba lake anaweza kufuatwa mpaka mlangoni kwa namba hizo. Katika GIMP, wakati wa kutoa picha ya JPEG, ondoeni alama kwenye kisanduku cha Exif, na pia kwenye cha picha ndogo. Kwenye simu, zimeni ruhusa ya mahali katika kamera. Msidanganyike na kufifisha uso kidogo tu. Funikeni kabisa, au pigeni picha ya mikono, jembe, mgongo. Na ruhusa iombwe kwa mwenyewe, akiisha kuelezwa kwamba picha ikiingia kwenye intaneti haitarudi. Kwa mtoto, mzazi aseme, na mtoto asikilizwe pia.

Rangi zijadiliwe na komite nzima kabla ya kuchora. Rangi ya chama au ya kikundi chenye silaha inaweza kulifanya bango la amani likataliwe kabla halijasomwa.

Kesho saa mbili asubuhi tutaweka GIMP kwenye mashini zenu. Kila komite ilete picha tatu na kifaa cha USB, na ituletee watu wawili, mmoja wao awe mwanamke. Jenereta itawaka mpaka saa saba, kwa hiyo tusichelewe.