Mashine Iliyokataa Kuwaka

Kama uko jikoni unangoja chai ichemke, ongeza sauti ya redio kidogo, maana asubuhi ya leo nataka kuwasimulia habari ya kompyuta ya ofisi ya kanisa, na aibu iliyonipata mimi kwa ajili yake.

Najua yuko atakayesema, "Mchungaji, mambo ya kompyuta yanatuhusu nini sisi wakulima?" Yanakuhusu, ndugu. Shule ya mtoto wako, zahanati, chama cha maziwa, hata kamati ya mazishi, wote siku hizi wametia vitabu vyao ndani ya mashine. Siku mashine inapokataa kuwaka, wewe mkulima ndiwe unayeambiwa jina lako halionekani.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 2018. Akina mama 64 wa parishi yetu walikuwa na chama cha akiba. Kila mwezi kila mmoja alitoa shilingi 200, na mwenye shida aliweza kukopa akalipa kidogo kidogo. Miaka mitatu ilikuwa imetimia, nao walikuwa wagawane mwezi wa Desemba ili watoto waende shule Januari wakiwa na karo na sare. Fedha zilikuwa benki, lakini benki ilijua jumla tu. Ni nani ametoa, ni nani amekosa mwezi, ni nani amekopa, hayo yote yalikuwa ndani ya kompyuta. Zamani yaliandikwa katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Mimi ndiye niliyesema daftari lile ni mambo ya kale, tukaliweka kabatini.

Basi usiku mmoja mvua kubwa ikanyesha. Stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, ikapotea tena. Asubuhi karani wetu akabonyeza kitufe. Kimya. Hapakuwa na taa wala mlio. Akachomoa waya, akaujaribu katika tundu jingine la ukutani, kimya vilevile.

Karani huyu alikuwa kijana, mtoto wa kanisa, mimi mwenyewe nilimfundisha katekisimu. Wakati uleule barua ya benki ikafika, na fedha zilikuwa pungufu. Ukizidisha 64 kwa 200 kwa miezi 36 utapata shilingi 460,800, na benki haikuwa na kiasi hicho. Wazee wa kanisa tukakutana. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mashine hizi hujua kufa wakati wa kugawa pesa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikumtetea kijana. Tukamwambia alete ufunguo wa ofisi, akae nyumbani kwanza. Aliuweka mezani, akatoka bila neno.

Nikaipeleka mashine kwa fundi wa kwanza. Hakuifungua hata. Alisema ataiwekea Windows mpya, na vyote vilivyomo vitafutika, lakini bei ni nafuu. Nilikuwa karibu kukubali. Jioni ile karani akanipigia simu, akasema, "Mchungaji, tafadhali usikubali. Mashine ni kitu kimoja, kazi iliyomo ni kitu kingine. Mashine yaweza kuwa imekufa na kazi iko hai." Ningekuwa na masikio ningejiuliza, mwizi gani huomba kitabu cha hesabu kiokolewe? Sikujiuliza. Lakini namshukuru Mungu kwamba walau nilitii.

Nikaenda kwa fundi mwingine karibu na stendi ya matatu, binti mmoja aliyejifunza kazi kwa mafundi wa Luthuli Avenue, Nairobi. Huyu alitwaa bisibisi, akafungua, akanusa. Akanionyesha kisanduku kinachopokea stima kimeungua, na ubao mkuu wa ndani umeungua pamoja nacho. "Hii haitawaka tena, Baba," akasema. Moyo ukaniruka. Kisha akalegeza misumari minne ya parafujo, akatoa kitu cha chuma, ukubwa wake kama Agano Jipya la mfukoni. "Lakini vitu vyako viko hapa."

Hiyo ndiyo diski. Ndani yake mna visahani vinavyong'aa kama kioo, na katika diski kama ile yetu huzunguka mara 7,200 kwa dakika moja. Juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma bila kugusa, na nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Kwa hiyo, ndugu, asiwepo mtu wa kukudanganya kwamba atakufungulia diski mezani kwake ili aipanguse. Chembe moja ya vumbi hapo ni jiwe barabarani. Wala usiisikilize hadithi ya kuitia katika friji. Ukisikia diski inagongagonga, tik, tik, tik, zima stima, usijaribu tena na tena kama tunavyopenda kufanya, maana kila jaribio laweza kukwaruza kilichobaki.

Binti akaiunga diski yetu kwa kebo kwenye kompyuta yake, iliyowaka kwa mfumo wa Linux kutoka katika flashi, bila kuhitaji chochote cha mashine yetu iliyokufa. Njia hiyo hiyo ya flashi huwasaidia wale ambao mashine yao ni nzima ila Windows ndiyo imeharibika: huwasha kwa flashi, hunakili faili zao mahali pengine, ndipo waanze kutengeneza. Alituonya pia juu ya kompyuta ndogo za kisasa. Nyingine hifadhi yake imeunganishwa moja kwa moja katika ubao, haitoki. Nyingine hufunga kila kitu kwa siri, na bila ule ufunguo wa tarakimu 48 fundi hata awe hodari namna gani ataona takataka tupu. Mwenye ufunguo kama huo na auandike katika karatasi, na karatasi isikae ndani ya mashine.

Diski yetu ikaonekana. Nikasema aleluya mapema mno, maana mara ikakwama. Palikuwa na sehemu zilizougua. Binti akaacha palepale. Nikamwuliza mbona hajaribu tena. Akanijibu, "Mgonjwa hakimbizwi, Baba."

Alichofanya ndicho kilichonifanya nilete habari hii redioni. Aliitumia programu iitwayo ddrescue. Programu hii haifungui faili moja moja. Huinakili diski nzima kwenda katika diski nyingine iliyo salama, na haiandiki kitu chochote juu ya ile iliyougua. Huanza na sehemu zilizo nzima. Ikikuta sehemu inayokataa, haishindani nayo. Huiruka, huweka alama kwamba hapa pamebaki, huendelea mbele. Ikiisha kuokoa kilicho rahisi, ndipo hurudi kwenye zile alama, taratibu, kipande kwa kipande, mara ya pili, mara ya tatu. Hata stima ikipotea katikati haianzi upya, maana inayo orodha ya mahali ilipofika. Nilikaa kwenye kiti cha mbao dukani mwake mpaka saa tatu ya usiku nikiangalia hesabu zikipanda. Nikawa nawaza jinsi mimi nilivyomfanyia karani kinyume chake. Nilikuta sehemu moja isiyosomeka, barua ya benki, nikamfuta kijana mzima.

Msikilizaji, ukipata nafasi leo soma kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 36. Yeremia alimwambia Baruku mwana wa Neria maneno aliyopewa na Bwana kwa muda wa miaka 23, naye Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Mfalme Yehoyakimu alikuwa ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Kila iliposomwa kurasa tatu au nne, akazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Watu watatu walimsihi asifanye hivyo, hakuwasikia. Lakini Bwana alimwamuru Yeremia aanze tena. Baruku akaketi na gombo jipya, na maneno yote yakaandikwa mara ya pili, na mengine yakaongezwa. Mfalme alidhani akichoma ngozi au karatasi amelimaliza neno.

Nasi tulikuwa na Baruku wetu. Jioni ile ile mama mwekahazina, bila kungoja mafundi, aliwaita akina mama kanisani na daftari la shule la kurasa 96, na kila mmoja akasema alichokumbuka: nilitoa Januari, Februari nilikosa, nilikopa 3,000 mtoto alipolazwa. Waliandika mpaka taa ya mafuta ikaisha.

Asubuhi yake binti fundi akaniita. Vipande vichache tu ndivyo vilivyopotea, na katika hivyo hapakuwa na faili ya akiba. Akaifungua, akaichapa, kurasa saba. Jumapili baada ya ibada tukaisoma mbele ya wote, mama mwekahazina akilinganisha na daftari lake. Tofauti zilikuwa mbili, na wenyewe wakacheka wakakubali walisahau. Kisha tukaisoma orodha ya mikopo ambayo haijalipwa, maana ndiyo iliyopunguza fedha za benki. Wa kumi na moja katika orodha hiyo alikuwa Mchungaji, shilingi 15,000, mwezi wa Machi, mwaka 2017.

Wapendwa, nilikuwa nimezikopa kutengeneza gari. Nilisema miezi miwili. Nilisahau, au nilitaka kusahau, sijui tena ni lipi. Akina mama 64 walikuwa wameandika usiku kucha kila deni wanalolikumbuka, na la kwangu hawakuliandika. Jumla ya benki na jumla ya mikopo, pamoja na wangu, ikalingana hadi shilingi ya mwisho na kile kilichotolewa.

Nilisimama, lakini sikupata maneno. Mama mwekahazina akasema polepole, "Baba, sisi tulijua. Tulidhani utakumbuka." Na kijana naye alijua. Alipokuwa anaweka ufunguo mezani mbele ya wazee, neno moja lingemtosha, naye hakulisema.

Siku ile ile nikaenda kwao. Alikuwa shambani akipalilia maharagwe pamoja na mama yake. Nikamwomba msamaha papo hapo kati ya mistari ya maharagwe, mama yake akisikia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama fundi amezipata na picha za ubatizo wa Pasaka, kwa sababu nyanya yake yumo, na hakuna picha nyingine kabla hajafariki. Nikamwambia zimo.

Deni nililipa kabla ya siku ya kugawa. Niliuza ng'ombe mmoja. Naye alirudi kazini kwa masharti yake. Daftari jeusi litoke kabatini, lijazwe kila mwezi sambamba na kompyuta. Na kila Ijumaa faili zote zinakiliwe katika flashi mbili, moja ikae kwa mama mwekahazina, moja ikae kwangu, wala isiwepo hata moja chini ya paa la ofisi. Ijumaa hii iliyopita alikuja jioni na ile ya kwangu ndani ya bahasha, akanipa kalamu nitie sahihi kwamba nimeipokea. Nilitia.

Mungu akipenda tutasikilizana tena juma lijalo. Bwana awe nanyi.