Kuacha Kazi kwa Notisi Ndefu
Maneno ya mazungumzo kwa watu wa kazi

Mtu aandikwapo kazi hufurahi, na kwa furaha hiyo huenda asiyasome maneno ya chini katika barua yake. Hapo chini ndipo notisi huandikwa. Miaka ikipita, kazi nyingine ikipatikana, maneno yale huinuka na kumdai.

Mathalan, karani wa ghala mjini Nakuru, mwenye mshahara wa Shs. 45,000 kwa mwezi, amepata kazi bora zaidi Mombasa. Tajiri mpya amtaka baada ya majuma manne. Mkataba wa zamani wataka notisi ya miezi mitatu. Nyumbani karo ya watoto wawili yangoja. Akichelewa, kazi ya Mombasa huenda akapewa mwingine, akitoroka, atadaiwa.

Zamani za kipande, kilichoanza kutumiwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza, Mwafrika aliyetoroka kazini alitafutwa na polisi na kushtakiwa kama mhalifu. Siku hizo zimepita, wala hakuna wa kuzililia. Walakini deni la mkataba lingaliko.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu alipwaye kwa mwezi atoe, au apewe, notisi ya siku 28 kwa maandishi. Lakini mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, muda huo ndio ufuatwao. Neno hili huwapotosha wengi, ambao husikia kwa rafiki habari za siku 28 na kudhani zawatosha watu wote.

Sheria hiyo hiyo yampa kila upande ruhusa ya kuvunja mkataba bila notisi, kwa kulipa mshahara wa muda uliosalia. Karani akitumika mwezi mmoja, miezi miwili iliyobaki ni Shs. 90,000. Fedha hizo si haba. Wako matajiri wapya wanaokubali kusaidia kuzilipa, na kuwauliza si aibu.

Iliyo nafuu zaidi ni kuonana na tajiri wa zamani, naye karani asiende kabla ya kuishika mkononi barua ya Mombasa iliyotiwa sahihi. Aombe kwa adabu apunguziwe muda. Lakini na ajue jambo linalomtia tajiri hofu: sheria yasema kwamba mtumishi akitoa notisi, kisha tajiri akamwachilia mapema, tajiri ndiye atakayelipa siku zile zisizofanyiwa kazi, isipokuwa wamepatana vingine. Kwa hiyo karani aseme waziwazi kwamba hatadai malipo ya siku hizo, na mapatano yaandikwe, wote wawili watie sahihi. Maneno ya mdomo hayatoshi; msimamizi aliyekubali leo aweza kuhamishwa kesho.

Likizo nayo isisahauliwe. Kwa mtu aliyetumika miezi miwili au zaidi, haki yake haipungui siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Siku asizozitumia aweza kuomba zihesabiwe mwishoni mwa notisi, tajiri akikubali.

Hatari ya notisi ndefu ni kwamba moyo huhama kabla ya miguu. Mtu huanza kuchelewa, kisha kukosa siku nzima; na asiyefika kazini bila ruhusa wala sababu ya haki aweza kufukuzwa papo hapo. Katika ghala, zaidi ya hayo, kila gunia lihesabiwe mbele ya shahidi, na funguo zipokelewe kwa sahihi, ili lisizuke neno la upungufu karani akiwa ameshafika pwani. Adai pia cheti cha utumishi, ambacho ni haki ya aliyetumika majuma manne au zaidi. Cheti hutaja tarehe na namna ya kazi. Sheria haimlazimishi tajiri kuandika sifa.

Mapatano yakiisha, karani amwandikie tajiri wa Mombasa siku ile ile na kumpa tarehe ya kufika. Wengi watangoja majuma mawili matatu kuliko kuanza kutafuta mtu upya. Tarehe hiyo isiandikwe kabla tajiri wa Nakuru hajatia sahihi yake.