Uongozi na Mpango wa Kazi
(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Nimetakiwa niseme juu ya uongozi, jinsi unavyoweza kuinua kazi au kuiangusha. Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia katika gangi ya njia, na mengi niyajuayo nimeyaona nikiwa na sururu mkononi. Basi nikikosea mtanisahihisha, lakini nisikilizeni kwanza.

Nianze na injini. Aliye Nairobi na aende kwenye makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, akaitazame injini nambari 5918 iitwayo Mount Gelai. Injini za namna ile zilikuwa 34. Zilitengenezwa Manchester, zikaletwa huku katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima. Moja peke yake iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, mpaka Nairobi palipo juu zaidi ya futi 5,000. (Zilitumia mafuta, si kuni wala makaa, wengi hukosea hapo.) Nyingine kati yao zilikuwa na madereva wao maalum na mafayamani wao maalum. Injini ilikuwa ya fulani. Akirudi safari huifuta, huing'arisha, na ikilia vibaya hujua tangu wapi imeanza kulia. Sasa mniambie, chuma cha injini yenye mwenyewe na chuma cha injini ya kila mtu, si ni kile kile? Tofauti iliamuliwa na mtu aliyekaa ofisini, akafikiri nani ashike nini na kwa nini. Huo ndio uongozi ninaousema. Si sauti kubwa, wala si kofia.

Tazameni tena jambo la pili. Reli na bandari za Afrika Mashariki ziliwekwa chini ya uendeshaji mmoja mwaka 1948. Mwaka 1969 zikatenganishwa, reli makao yake makuu Nairobi, bandari makao yake Dar es Salaam. Kufika mwaka 1977 shirika lile la reli lilikuwa limekwisha, pamoja na Jumuiya yenyewe. Lilikufa kwa nini? Mataruma hayakuoza kwa siku moja, wala madereva hawakusahau kazi. Lililokwisha ni mapatano ya wakubwa. Fedha zilizokusanywa katika nchi moja zikawa hazifiki tena makao makuu, na makao makuu yasiyo na fedha hayawezi kununua vipuri wala kulipa madeni. Kila nchi ikashika kipande chake cha njia na mabehewa yaliyokuwa upande wake. Watu wa chini walikuwa wale wale, na jasho lile lile.

Kisha sisi Kenya tukawa na shirika letu, mwaka 1978. Mambo yakaenda yakirudi nyuma, na mnamo Novemba 2006 reli ya Kenya na ya Uganda zikakabidhiwa kampuni moja kuziendesha kwa miaka 25. Haikufika hata miaka 11. Mwaka 2017 mkataba wa Kenya ulivunjwa. Sisemi ya kwamba waliokuja walikuwa watu wabaya. Walipokea njia iliyochoka, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, na barabarani malori yalikuwa yamekwisha kuchukua mizigo. Lakini katika muda ule mfupi walioshika usukani walibadilika. Mwanzo waliongoza watu wa Afrika Kusini, baadaye wakaja wa Misri. Mpango wa miaka 25 wahitaji mtu wa kuukumbuka mwaka wa sita. Tena hapo mwanzo maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa. Katika hesabu ya ofisi mtu aliyepunguzwa ni mshahara uliookolewa. Katika gangi ni habari nyingine, nami nitawaeleza.

Mahali nilipofanya kazi zamani, sitapataja, tulikuwa na msimamizi ambaye kila asubuhi, kabla ya kugawa kazi, alimwuliza mzee mmoja wa gangi: maji yamepita wapi usiku? Mzee yule alijua kila kalavati. Alijua lipi huziba kwa mchanga na lipi huziba kwa majani ya mkonge. Baadaye mzee alipumzishwa, msimamizi akahamishwa, akaja mwingine mwenye cheti kizuri. Huyu hakuuliza mtu. Alitupa kazi ya kufyeka nyasi karibu na stesheni, kwa kuwa mkubwa alikuwa anatarajiwa kupita. Tukafyeka siku tatu. Usiku wa siku ya nne mvua ikanyesha, kalavati likaziba, kokoto zikachukuliwa, reli ikabaki ikining'inia kama kamba ya nguo. Tulifanya kazi mchana na usiku, na mwisho wake barua za onyo tukapewa sisi wenye sururu.

Mnacheka, na mimi nacheka. Lakini sasa nauleta mwiba nyumbani.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waliweka kazi chini: watu wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, hata wa majumbani. Chama chao kiliitwa African Workers' Federation, na aliyekuwa kiongozi wake mkubwa ni Chege Kibachia. Mgomo ulikwenda kwa nidhamu karibu majuma mawili, mpaka serikali ikakubali kuunda baraza la kuchunguza mishahara. Ilikuwa kazi kubwa. Agosti mwaka ule ule Kibachia akakamatwa, akapelekwa kifungoni Baringo. Na baada ya hapo chama kile kilififia. Wakoloni walijua walilolifanya: waliona mahali nguvu zilipokaa, wakapang'oa. Simlaumu Kibachia hata kidogo. Nauliza tu, watu 15,000 walikuwa wapi kuandaa wa pili na wa tatu?

Na sisi je? Niliwahi kuwa naibu wa katibu katika tawi moja. Katibu wetu alikuwa hodari, wakubwa walimwogopa. Kesi zote zilikuwa kichwani mwake, na karatasi zote ndani ya sanduku lake nyumbani, na ufunguo shingoni. Ndugu mmoja akafukuzwa kazi. Tulikuwa na siku chache tu za kukata rufani. Katibu akafiwa, akaenda kwao, na sanduku likabaki limefungwa. Siku zikapita. Ndugu yule hakurudi kazini tena. Leo anauza mitumba, na nikipita mbele ya meza yake hunisalimu vizuri, jambo ambalo lanichoma zaidi kuliko kama angenitukana. Maana kosa halikuwa la katibu peke yake. Mimi nilikuwa naibu wake miaka miwili, wala sikuwahi kumwuliza: ukiondoka, nani atafungua?

Mwezi ujao twachagua viongozi wa tawi hili. Nasikia watu wakiuliza nani asema vizuri, nani hamwogopi meneja. Ni maswali mazuri. Mimi nitawauliza wagombea mengine: hesabu za michango zitasomwa hapa kila baada ya miezi mingapi? Daftari la kesi litakaa wapi? Je, naibu ataingia pamoja nawe kwa meneja, ajifunze, au atabaki nje akishika kofia yako?

Nami Bwana Mwenyekiti, kabla sijakaa, naleta shauri liandikwe katika kumbukumbu za leo. Tununue kabati la chuma, liwekwe hapa ofisini, liwe na funguo mbili, mmoja kwa katibu na mmoja kwa naibu, na kila kesi iandikwe katika daftari pamoja na tarehe yake ya mwisho. Nimeuliza bei kwa fundi wa hapa mtaani, na fedha zilizo katika sanduku la tawi zatosha. Nani ataniunga mkono?