Teria, Panya na Sumu

Leo tunaye mbwa mdogo mwenye makeke kuliko umbo lake: Jack Russell, teria wa Uingereza. Katika karne ya 19, kasisi John Russell wa Devon alitaka mbwa wa kumfurusha mbweha shimoni. Basi mbwa wako akifukua bustani, usimchape. Mtengee kona ya mchanga, umfukie mpira wake humo.

Kinachoweza kuwaponza mbwa hawa ni panya. Teria haachi panya apite, na sumu ya panya inauzwa hadi kwa machinga wa kipaza sauti. Sumu nyingi za madukani huzuia damu kuganda. Mbwa akila chambo, au hata panya aliyekwisha kula sumu, anaweza kucheza vizuri siku mbili tatu, kisha akalegea, fizi zikapauka, damu ikatoka puani. Usingoje hayo, wala usimnyweshe maziwa. Ukimshuku tu, mkimbize kwa daktari wa mifugo, na pakiti ya sumu uibebe. Dawa ya sumu ya aina hii ipo, vitamini K1, ila yataka kuwahi.

Jioni mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Mng'oe kwa kibano, ukishika karibu na ngozi. Mafuta ya taa, hapana!

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.