Mpingo, Maua ya Kitulo, na Wajibu Wetu Sisi Makarani
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Songea)



Tumezoea katika mikutano yetu kusema juu ya mishahara, nyumba na likizo, na kusema hivyo ni haki yetu. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya miti na maua ya porini. Huenda mtu akauliza, Mambo hayo yatuhusu nini sisi watu wa kalamu? Jibu letu ni kwamba yapita mezani petu kila juma, katika majalada na barua, wala hatuyatambui.

Kwanza tutazame hapa petu. Milima ya Matogoro tuionayo kutoka mjini ndiko unakotoka mto Ruvuma, ambao hushuka hata Bahari ya Hindi na kuwa mpaka kati yetu na Msumbiji. Msitu ule ukiisha, hapana atakayesalimika kwa kuwa ana cheo au hana. Tena ukishuka upande wa Namtumbo na Tunduru wakuta miombo, na ndani yake mninga, mkongo na mpingo. Miti hii haikupandwa na mtu. Wazee wetu waliikuta, wakaitumia kwa kiasi, wakatuachia. Swali ni kama sisi nasi tutaacha kitu.

Tuuchukue mpingo uwe mfano. Mti huu huhesabiwa kuwa mti wa taifa letu. Moyo wake ni mweusi, nao ni mzito hata ukiutia majini huzama. Wamakonde wameuchonga wakapata sifa duniani kote, na mafundi wa Ulaya huutengeneza klarineti, oboe na zumari za Waskoti. Lakini mpingo haukui upesi. Huchukua miaka 70 hata 100 kufika unene wa kufaa kukatwa, na kwa kuwa shina lake huwa limepinda na lina nyufa, sehemu kubwa ya gogo hupotea kiwandani. Basi anayeukata leo pasipo hesabu amekata mti uliokuwa mche zamani za babu yake, na mjukuu wake ndiye atakayeungoja mwingine. Tena, tangu mwezi wa Januari 2017, mpingo umeingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa mataifa uitwao CITES, na biashara yake ya kwenda nchi za nje yahitaji hati.

Sasa yafaa tuone watu wengine walifanya nini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakipa kijiji ruhusa ya kutenga msitu katika ardhi yake, kuusimamia kwa sheria ndogo zake, na kupokea mapato yake. Huko Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi viliishika ruhusa hiyo. Wanakijiji walikutana, wakachagua kamati, wakaweka mipaka, wakahesabu miti, wakaandika ni mingapi ikatwe na mingapi iachwe. Chama kiitwacho Mpingo Conservation & Development Initiative kiliwasaidia. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha FSC, ambacho humwambia mnunuzi wa mbali kwamba gogo hili limekatwa kwa halali na kwa kiasi. Tangu hapo mpingo uliosimama ukawa mali ya kijiji, na mtu akiuiba huonekana amemwibia jirani yake.

Mfano wa pili watoka Kitulo, katika nyanda za juu za Njombe na Mbeya. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, maana huota aina zipatazo 350 za mimea, na katika hizo aina 45 ni maua ya okidi. Okidi hizi zina viazi chini ya udongo, navyo huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayechimba kiazi ameua mmea wote, wala hauchipui tena. Biashara ilipozidi, Serikali iliifanya Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Hilo ni jema. Lakini okidi huota pia katika mabonde na nyasi nyingi nje ya mipaka ya hifadhi, na askari hawezi kumfuata kila mtu mwenye jembe. Mahali asipokuwapo askari, hakuna mlinzi ila jirani aliyekubali kwa moyo wake.

Hapa lazima tujibu neno moja la haki. Mkulima wa kwetu ana watoto wa kulisha. Hulima mahindi, na wengine hulima tumbaku inayokaushwa kwa moshi, na kazi zote mbili zahitaji ardhi na kuni. Kumwambia mtu huyo, Acha msitu, kisha tusimpe neno lingine, ni kumdhihaki. Watu wa Kikole hawakuacha kuutumia msitu wao, ila waliutumia kwa hesabu, nao ukawalipa. Tumbaku pia yaweza kukaushwa kwa kuni za miti iliyopandwa kwa kazi hiyo. Ila tusidanganyane kwamba kupanda misindano na mikaratusi ni sawa na kuutunza msitu wa asili. Shamba la mikaratusi litatupa kuni na nguzo, lakini halitatupa mpingo.

Basi karani aingie wapi? Ndugu zetu, kijiji kikitaka kutenga msitu hakifiki mbali bila karatasi. Pana muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, pana ramani, pana sheria ndogo zinazopaswa kupitishwa na Halmashauri ya Wilaya, pana daftari la miti iliyohesabiwa na stakabadhi za fedha. Karatasi hizi zote hushikwa na mikono kama yetu. Jalada likilala mezani miezi sita kwa sababu mhusika yuko likizo, msumeno haungoji. Kamati ikishindwa kuonyesha fedha zimekwenda wapi, wanakijiji huvunjika moyo, na kila mmoja hujichukulia shoka lake. Hivyo uvivu wa ofisi waweza kuangusha miti mingi kuliko mwizi mmoja.

Twapendekeza mambo manne, tena si makubwa. La kwanza, kila mwanachama ambaye jalada la msitu wa kijiji limepita kwake alijibu mapema, na likikosa kitu awaandikie wanakijiji wazi ni kitu gani. La pili, wale wajuao kuandika muhtasari na daftari la fedha wawafundishe makatibu wa kamati za kwao wakati wa likizo. La tatu, mtu akinunua mbao au kitanda, aulize stakabadhi, na kwa mbao atazame alama ya nyundo ya misitu. Maana sisi wenye mishahara ndio wanunuzi, na mwizi hana faida pasipo mnunuzi. La nne, tuwakumbushe wazee wa nyumbani habari ya moto. Nyasi zikichomwa mapema, mara baada ya mvua kwisha, moto huwa mdogo; lakini moto wa Septemba na Oktoba huunguza miche ya mpingo hata chini, ikaanza tena mwaka baada ya mwaka bila kupanda juu.

Wahenga walisema, Kidole kimoja hakivunji chawa. Serikali peke yake haiwezi, na kijiji peke yake hakiwezi, wala wataalamu wa misitu hawatoshi. Karani naye peke yake hawezi, lakini kazi yake ikikosekana, kamba yote hukatika mahali pale. Twaomba mkutano huu, kabla ya kufungwa, uchague watu watatu wa kuandika orodha ya vijiji vya wilaya yetu vilivyoomba kutenga misitu na bado vinangoja majibu, orodha hiyo isomwe hapa katika mkutano ujao.